Kliniki ya moyo Milimani, Kisumu: eko safi, daktari mwenye maelezo, mapokezi ya kuchosha

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeiacha kwenye dawati la mapokezi, na nikifika huko nitasema kwa nini. Jina la kliniki siandiki, maana nina malalamiko nao na sitaki kumharibia mtu riziki. Iko Milimani, ghorofa ya pili, na lifti hakuna. Kliniki ya moyo isiyo na lifti, yawa! Siku tuliyokwenda palikuwa na mzee mmoja miguu imevimba mpaka viatu amevishika mkononi, ameketi katikati ya ngazi anapumzika, na watu wanampita.

Mgonjwa wetu ni binti yangu wa pili, ana miaka 22, anasomea ualimu. Alianza kuchoka akipanda ngazi za hosteli, kisha kikaja kikohozi cha usiku. Afisa wa kliniki kwenye zahanati ya karibu na chuo alimwekea stethoskopu kifuani, akanyamaza, akaiweka tena, akatuandikia barua kwamba kuna sauti moyoni na apigwe eko, yaani picha ya moyo inayochorwa kwa mawimbi ya sauti.

Kabla ya Milimani tulipitia mahali pengine, katika mji mwingine. Huko eko ilichukua muda wa kunywa chai. Tukapewa karatasi moja, tukaambiwa "valvu inavuja", tukauziwa mfuko wa vitamini pamoja na dawa ya kukojoza maji, tukaagwa. Valvu ipi? Inavuja kiasi gani? Imeharibiwa na nini? Hakuna aliyesema. Tukarudi nyumbani na hilo neno kuvuja, likaanza kufanya kazi yake. Mama yake hakulala. Shangazi mmoja akaleta habari za chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Jirani akaleta kitunguu saumu na ndimu. Mimi nikaanza kupiga hesabu ni ng'ombe yupi atangulie kuuzwa.

Kwa hiyo kliniki hii naipima kwa kitu kimoja tu: binti yangu alitoka mle ndani akijua nini ambacho alipoingia hakukijua. Kwa kipimo hicho, wamefaulu vizuri sana.

Daktari ni mama wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Karatasi tulizokuja nazo alizisukuma pembeni, akaanza na maswali. Akamwuliza binti analalia mito mingapi. "Mmoja," akajibu. "Na huo mmoja umekaaje?" Hapo ndipo ikatoka kwamba siku hizi anakunja blanketi na kuliweka chini ya mto ili kifua kiinuke. Daktari akaliandika blanketi. Mtu ambaye moyo unamsumbua, alisema, mara nyingi huanza kuinua kichwa akilala muda mrefu kabla hajalalamika kwa mtu, kwa hiyo yeye huulizia mito kabla ya kuulizia maumivu.

Kisha akamlaza ubavu wa kushoto, akaweka stethoskopu chini ya titi, akaisogeza polepole mpaka kwapani. Sauti ya valvu ya mitrali, ile iliyo upande wa kushoto wa moyo, ikivuja hukimbilia upande wa kwapa, ndiyo maana alikuwa anaifuata. Alipomaliza alimwomba binti ruhusa, akanipa mimi nisikilize. Kwanza alinisikilizisha moyo wangu mwenyewe: du-du, kimya, du-du, kimya, na hata kati ya du ya kwanza na ya pili pana kimya chembamba. Halafu akaniwekea wa binti. Pale kwenye kimya chembamba palikuwa pamejaa: fuuu, kila pigo. Nilikuwa nimebeba ile karatasi ya kwanza wiki nzima mfukoni na sikuelewa kitu, lakini hiyo fuuu niliielewa papo hapo.

Chumba cha eko ni kidogo, taa imepunguzwa, kiyoyozi kinapuliza. Kijana fundi wa mashine alimbandika binti vibandiko vitatu vya waya, akapaka jeli kwenye kidude cha kushika mkononi, akakigandamiza katikati ya mbavu. Inabonyeza kidogo, haiumi. Mionzi hakuna, ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanaingia, yanagonga nyama, yanarudi, na mashine inachora kutokana na hayo yaliyorudi. Mama mjamzito pia hupigwa.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Mimi nimechomelea vyuma miaka mingi karibu na gati la Kisumu, boti na matangi ya mafuta. Wakaguzi walikuwa wanakuja na kidude kama hicho, wanapaka kitu cha utelezi kwenye ungio tulilochomelea, wanapitisha, wanatazama kwenye kioo kama ndani ya chuma kuna ufa. Nilipoiona ile jeli nikamwambia kijana, hii kazi naijua. Akacheka, akasema, "Mzee, hujakosea hata kidogo." Akanisimulia kwamba mwaka 1953 katika mji wa Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza kwa kuazima mashine ya kukagua vyuma kutoka karakana ya meli mjini Malmö. Edler alikuwa anatafuta namna ya kuichunguza valvu ya mitrali kabla wapasuaji hawajafungua kifua. Yaani valvu hii hii ya binti yangu, na mashine ya mafundi wa meli. Nilikaa vizuri kwenye kiti baada ya hapo.

Kwenye kioo, moyo kwanza ni kijivu na cheusi, unabana na kuachia. Kijana akabonyeza kitufe, rangi zikaingia. Damu inayokuja upande wa kidude inapakwa nyekundu, inayokwenda mbali nacho inapakwa buluu; haihusiani kabisa na damu safi na damu chafu, ingawa wengi wanadhani hivyo. Na kila moyo ulipobana, utepe wa buluu uliochanganyika na manjano na kijani uliruka kurudi chemba ya juu, ukaegemea ukuta wa nyuma. Hapo daktari aliingia, akachukua kidude yeye mwenyewe, akaugandisha ule utepe na kuupima shina lake, pale unapopenya. Binti akauliza, "Hiyo ndiyo inayovuja?" Akajibiwa, "Hiyo ndiyo. Itazame vizuri, ni yako." Walikaa naye zaidi ya nusu saa.

Tulipotoka huko ndipo nilipoona pesa yangu inafanya kazi. Daktari alichukua bahasha kuukuu, akaigeuza, akachora. Moyo una valvu nne, zinazoruhusu damu ipite upande mmoja tu. Ya mitrali iko kushoto, kati ya chemba ya juu inayopokea damu kutoka mapafuni na chemba ya chini inayoisukuma mwilini. Ina vipande viwili vyembamba vinavyokutana na kuziba. Chini yake kuna nyuzi zilizoshikiliwa na misuli midogo, na nyuzi hizo zinafanya kazi ya kamba za hema la matangani: upepo ukija kwa nguvu, hema lisipinduke. Kuvuja kunaweza kuanzia popote kwenye mtambo huo. Kwa wengine uzi umekatika. Kwa wengine kipande kimelegea na kubinukia juu. Kwa wengine valvu yenyewe ni nzima lakini moyo umepanuka, labda kwa presha au baada ya mshipa wa moyo kuziba, basi vipande vimevutwa mbali na havifikiani tena. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuambiwa sentensi moja, "valvu inavuja", na wakawa na magonjwa mawili tofauti na matibabu mawili tofauti.

Kwa binti yangu, kipande cha nyuma kimekakamaa. Hakiinuki kumfuata mwenzake. Daktari aliposema hivyo akauliza kama utotoni aliwahi kuvimba magoti. Mimi sikumbuki, nilikuwa kazini muda mwingi. Tukampigia mama yake, simu ikawekwa sauti ya juu mezani. Mama akajibu bila kufikiri: alipokuwa darasa la nne goti lilivimba, likapona, ikahamia kifundo cha mguu, ikapona, ikahamia kiwiko, na homa juu. Tulimtibu malaria. Daktari akaitikia kwa kichwa kila kiungo kilipotajwa.

Hiyo ilikuwa homa ya baridi yabisi. Huanzia kooni. Mtoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, anaugua koo kwa bakteria aina ya streptokoki. Wiki chache baadaye kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria inageuka na kushambulia viungo na valvu za moyo. Viungo hupona. Valvu hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Koo lenyewe hutibika kwa penisilini, dawa ya tangu zamani na ya bei ndogo. Nimeandika hili kwa urefu kwa sababu huku kwetu mtoto akiwa na homa ni malaria kwanza, na koo halichunguliwi.

Sasa namba, na hapa wasomaji wangu wenye mgonjwa nyumbani wasome polepole. Kule kwa kwanza waliandika EF asilimia 66 na maneno kwamba kazi ya moyo ni ya kawaida. EF ni sehemu ya damu ambayo chemba ya chini inaitoa kwa kila pigo. Milimani ilikuja 64. Daktari akasema kwa mtu mwenye mitrali inayovuja namba hii inasifu kuliko inavyostahili, kwa sababu damu inayorudi nyuma inatoka kwa urahisi, hakuna shinikizo kubwa linaloizuia, basi moyo unaonekana una nguvu huku sehemu ya kazi ni bure. Moyo usiovuja ukiwa na 58 hakuna anayeshtuka. Valvu hii ikiwa inavuja sana na EF ikashuka mpaka 60 au chini, au chemba ikimaliza kubana bado ina upana wa milimita 40 au zaidi, wapasuaji wanaitwa, hata kama mgonjwa anasema anajisikia mzima. Ukingoja mpaka achoke kabisa, misuli inaweza kuwa imeharibika na valvu mpya isiirudishe. Binti ana 64 na milimita 34. Kuvuja kwake ni kwa wastani. Wapo pia watu wengi wazima kabisa ambao eko huonyesha tone dogo tu linalorudi. Hao, alisema, wakalale.

Na hapo ndipo alipofanya jambo lililonifanya niandike haya yote. Alisema kuvuja kwa wastani, na moyo haujapanuka, hakutoshi kueleza uchovu wote huu. Kama angekuwa mvivu angeishia kwenye valvu, imeshapatikana, basi. Akamvuta binti kope ya chini, akatazama, akamtuma maabara. Kipimo cha wingi wa damu kilikuja 8.9, yaani damu imepungua. Binti wa miaka 22 anatembea na damu 8.9, na moyo unaovuja unalazimika kupiga mbio zaidi kufidia! Amepewa vidonge vya chuma na kipimo cha kurudia. Ile dawa ya kukojoza tuliyouziwa aliisimamisha baada ya kukagua miguu na mapafu. Akaonya kwamba hiyo ni kwa binti huyu. Yule mzee wa kwenye ngazi akiiacha yake anaweza kushindwa kupumua usiku huo huo. Damu ikipanda na uchovu ukabaki, turudi upesi. La sivyo, eko nyingine baada ya mwaka.

Penisilini ya sindano, ile nzito, atachomwa kila baada ya wiki nne ili koo lisilete shambulio jingine. Wengine huchomwa kila wiki tatu. Ni miaka mingi, wengine mpaka wafike 40. Aliulizwa kwanza kama dawa hiyo imewahi kumdhuru. Inauma, na daktari hakuficha. Alisema wagonjwa wengi huacha kwa sababu hiyo tu, na kovu halingoji.

Kisha akaniambia, "Baba, naomba utupishe kidogo." Nikatoka. Wakazungumza mambo ya uzazi, na ni haki yao. Baadaye binti mwenyewe aliniambia kiasi alichotaka nijue: kwamba kuzaa hajakatazwa, ila amwone daktari kabla ya kubeba mimba, na kwamba hilo pia lina uzito siku wakizungumzia aina ya valvu ya kuwekewa. Valvu ya chuma hudumu lakini inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya nyama ya mnyama haitaki warfarini ya maisha, ila kwa kijana huchakaa mapema. Ikiwezekana kuirekebisha ile ile aliyozaliwa nayo, ndiyo bora, ingawa iliyoharibiwa na homa hii ni ngumu kurekebisha kuliko iliyokatika uzi. Upasuaji si wa leo. Ukifika, Tenwek kule Bomet wanaufanya, si lazima kuwaza India.

Kuhusu warfarini najua kidogo kwa jirani yetu wa mtaa wa Nyalenda mwenye valvu ya chuma. Ukikaa naye chumba kimoja usiku unaisikia ikigonga tik tik. Yeye aliwahi kuambiwa na mtu aache mboga zote za majani. Utamwambiaje mtu wa huku aache osuga, dek na sukuma? Nikamuuliza daktari. Akasema mboga hizo zina vitamini K, na vitamini hiyo inapingana na dawa, lakini anachotaka yeye ni kiasi kisichobadilika: ale kama kawaida yake wiki zote, asishinde mwezi bila mboga halafu ale sufuria nzima kwenye sherehe. Dozi hupangwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kufuatana na chakula anachokula. Jirani alifurahi kuliko mimi.

La mwisho lilikuwa meno. Nilidhani anatania. Vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu hupenda kukaa kwenye valvu yenye kovu na kuitafuna. Kwa hiyo mswaki asubuhi na usiku, jino bovu lisikae, na homa isiyojulikana chanzo ikizidi siku chache damu ichukuliwe ioteshwe maabara kabla ya kumeza antibayotiki yoyote ya duka la dawa.

Haya, mapokezi. Miadi yetu ilikuwa saa tatu, tukaingia saa saba na nusu, na katikati hakuna aliyesema neno. Bei haijabandikwa popote. Eko 7,500, kumwona daktari 3,000, maabara mbali, na kila moja unaambiwa ukishamaliza iliyotangulia. SHA, bima ya afya ya serikali, walisema hapo haitumiki, tukalipa mfukoni. Yule dada wa dawatini anaita watu kwa magonjwa yao: "Mama wa moyo kupanuka, njoo!" Ukumbi mzima unageuka kumtazama mama wa watu. Nilimwambia, "Dada yangu, huyo ana jina." Akaniangalia kama ninayemchelewesha. Ripoti nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, na picha za eko hupewi mpaka uombe. Ziombe. Bila picha, mwakani watalinganisha na nini?

Anayekwenda avae blauzi na sketi, si gauni, maana nguo ya juu inavuliwa yote na shuka lao ni jembamba. Flashi ya kuwekea picha nenda nayo, wao wanauza kwa 1,000. Karatasi za kufutia jeli wanatoa mbili, chukua kitambaa chako. Jumamosi wanafunga saa saba mchana, na namba ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa ukutani ni ya zamani, uliza kabla ya kutuma.